“Si inatosha, Mwalimu?” Kisa cha wapigaji watatu wa amadinda

Makofi yalikuwa hayajaisha pale bibi mmoja aliyevaa gomesi ya zambarau alipotujia. Tulikuwa Mpigi, Uganda, kwenye kwanjula, ile sherehe ambayo bwana harusi hupelekwa kutambulishwa kwa wakwe zake, na vijana wangu watatu walikuwa wametoka kupiga amadinda, marimba ya Buganda, kwa dakika kumi mfululizo. Wageni walishangilia. Mtu alituwekea noti ya shilingi 5,000 juu ya vibao. Bibi akasubiri kelele zipungue, akaniinamia na kuniuliza kwa Kiganda: “Mwanangu, wimbo mliopiga ni upi?”

Nikamtajia jina. Akanitazama kwa mshangao, kisha akauimba palepale, mstari wa kwanza na wa pili, kwa sauti ndogo ya mtu anayembembeleza mtoto. “Huu?” Nikamjibu ndiyo, ndio huohuo. “Huu naujua tangu nikiwa msichana,” akasema. “Lakini leo sijausikia.”

Nyuma yangu kijana aliyepiga upande wa pili alikuwa anafunga fimbo zake kwenye kitambaa. Alimsikia bibi, maana Kiganda anakielewa. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa furaha tupu na bila kiburi: “Lakini wamepiga makofi, Mwalimu. Si inatosha?”

Kwa miezi saba nilikuwa nimesikia swali hilo kila Jumamosi, na kila mara nilidhani nalijua jibu: ni uvivu, ni mazoea ya bora liende. Siku hiyo njiani kurudi Kampala nilianza kuona kwamba sikuwa nimelichunguza hata kidogo.

Kundi lenyewe

Nafundisha Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, katika ukumbi mdogo ulio jirani na kambi moja ya polisi jijini. Wanafunzi wangu karibu wote ni watoto wa kambini. Baba wa mmoja katoka Arua, wa mwingine Soroti, wa mwingine Kabale. Ndani ya nyumba kila mtu ana lugha yake, lakini bombani na uwanjani wanaongea Kiswahili, kwa kuwa ndicho lugha ya kazi ya baba zao. Mimi pia nilikulia kambini, na Kiswahili changu nilikipata hukohuko kabla ya kukisoma kwenye kitabu.

Kuna jambo sipendi kulipita kimya. Amadinda ni muziki wa Buganda, na nyimbo zake nyingi zilitunzwa na wapigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo. Mei 1966 jeshi la serikali liliishambulia ikulu hiyo. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, vyombo vya ikulu vikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zikafutwa, na Buganda haikumpata tena Kabaka wa kumtawaza hadi 1993. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Kwa hiyo mtoto wa askari anapokaa mbele ya amadinda na kufundishwa kwa Kiswahili, naona ana wajibu wa ziada wa kuyapiga vizuri. Sijawahi kuwaambia hivyo waziwazi, kwani ni mzigo mkubwa mno kwa mtoto wa miaka 16. Lakini ndiyo sababu neno “inatosha” hunichoma kuliko linavyostahili, na msomaji ajue hilo anapopima maamuzi yangu.

Vijana wa kisa hiki ni watatu, nami nitawaita kwa kazi zao. Mwanzishaji ana miaka 17, mkono wake mzito na thabiti. Mgawaji ana miaka 16, na ndiye anayejifunza haraka kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Ukimwonyesha mstari mara mbili, anao. Mkoonezi ni msichana wa miaka 15, mkimya, anayesomea pia piano shuleni kwao. Yule aliyeniuliza kama makofi hayatoshi ni Mgawaji.

Kwa nini chombo hiki hakina “karibu sawa”

Asiyekijua chombo hiki anaweza kudhani nilikuwa namsumbua kijana kwa kosa dogo, kwa hiyo nitakieleza kidogo.

Amadinda ni marimba ya vibao 12, aghalabu vya mti wa lusambya, vinavyolazwa juu ya magogo mawili mabichi ya mgomba na kutenganishwa kwa vijiti vilivyochomekwa kwenye magogo hayo. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja na fimbo mbili, wakigonga ncha za vibao. Fimbo mbili za mtu mmoja hupiga sauti moja, ya chini na ya juu yake, vibao vitano mbele. Anayeanza huitwa omunazi. Anayeingia baada yake ni omwawuzi, mgawaji, kwa sababu huigawa nafasi iliyo kati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya mwisho, vile vidogo, na kazi yake ni kurudia kwa juu sauti mbili za chini kabisa kila zinapotokea katika mchanganyiko wa wenzake wawili.

Sasa sikiliza ajabu yake. Katika wawili wale wa kwanza hakuna anayepiga wimbo. Mwanzishaji ana mstari wake, Mgawaji ana wake, na ukiusikia mmoja peke yake hutatambua chochote. Mapigo yao yakishapishana sawasawa na kwa kasi, sikio huacha kufuata mikono. Huanza kukusanya sauti za chini pamoja, na za juu pamoja, na humo zinazuka nyimbo ambazo hakuna mkono unaozipiga. Ndizo anazozisikia bibi wa Mpigi, na ndizo zenye maneno anayoyajua. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyefundishwa hapa Kampala na Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu, ameandika mengi kuhusu jambo hili. Wapigaji wenyewe, bila shaka, walilijua vizazi na vizazi kabla yake.

Lakini sikio lina sharti lake. Mapigo lazima yalingane kwa nafasi na kwa nguvu. Pigo la Mgawaji likikaa pembeni ya katikati, sikio hushika mwendo wa kuchechemea, tá-ka, tá-ka, na kuanza kuwafuata watu wawili badala ya sauti. Vibao ni vilevile, mpangilio ni uleule, na wimbo haupo. Kwenye kwaya, aliyeshuka kidogo huharibu kidogo, na bado watu wanautambua wimbo. Hapa aliyechelewa kidogo anaufuta kabisa. Hicho ndicho nilichoshindwa kuwaeleza wanafunzi wangu kwa miezi saba. Walidhani wako kwenye asilimia themanini ya wimbo, na mimi nilisema nao kana kwamba ni kweli.

Kosa, kwa vipimo

Jumatatu baada ya Mpigi nilichukua sauti niliyorekodi kwa simu, nikaifungua kwenye kompyuta kwa programu inayoonyesha wimbi la sauti, na kupima mapigo ya nusu dakika. Mwanzishaji alikuwa anapiga mara 150 kwa dakika, bila kuyumba. Maana yake ni kwamba kati ya pigo lake moja na jingine kuna milisekunde 400, na Mgawaji alipaswa kuingia kwenye 200. Alikuwa anaingia kwenye 260, mara 255, mara 270. Hakuwa anababaisha hovyo. Alikuwa anachelewa kwa uthabiti, kana kwamba amejifunza kuchelewa.

Hilo lilinishangaza, kwa hiyo nikatafuta rekodi ya zamani ya mazoezi, ya mwendo wa polepole, mapigo 90 kwa dakika. Huko alikuwa karibu sana na katikati. Nikaelewa. Mgawaji alikuwa anasubiri kumsikia mwenzake, halafu ndipo anapiga. Kwenye mwendo wa pole kusubiri huko hakuonekani, maana nafasi ni pana. Kwenye kasi, ule muda wa kusikia na kujibu unakula nafasi yote. Kijana mwenye kipaji alikuwa anaitikia, na muziki huu hautaki kuitikiwa.

Na rekodi hiyohiyo ilinionyesha mtu wa pili mwenye kosa. Katika dakika 40 za mazoezi nilisema “sawa, tuendelee” mara 31. Nilizihesabu. Nyingine zilikuja mara tu baada ya Mgawaji kuniuliza, “Si inatosha?” Kwa hiyo jibu alikuwa nalo tangu zamani, kutoka kinywani mwangu.

“Inatosha” ilitoka wapi

Ilitoka kwanza kwangu, kama nilivyosema, na sababu ilikuwa kalenda. Msimu wa sherehe ukianza, simu zinaingia, na kundi lenye wimbo mmoja haliitwi. Ndani ya miezi saba niliwapa nyimbo tisa. Mzee aliyenifundisha mimi alinipa wimbo mmoja kwa karibu mwaka mzima. Hakuwahi kuniambia nimepiga vizuri wala vibaya. Tukikosea, aliinua fimbo zake, akanyamaza, akaanza upya. Ukimya ule nilidhani ni ukali. Nilipokuwa mwalimu nikaahidi kuwa mpole zaidi yake, na kwa upole huo nikawafundisha ovyo wanafunzi wangu.

Ilitoka pia kwenye fedha. Kila sherehe ilimpa kila kijana shilingi 20,000, na kwa mtoto wa konstebo hizo ni pesa za kweli: madaftari, viatu, unga wa wiki. Malipo yalikuwa yaleyale siku waliyopiga vizuri na siku waliyopiga ovyo. Sipendi kusikia walimu wakisema fedha zinaharibu sanaa, kwa kuwa aghalabu anayesema hivyo ana mshahara. Wapigaji wa ikulu nao waliishi kwa kazi yao. Tofauti ni kwamba aliyewalipa aliujua wimbo.

Mkoonezi alinifunza sura nyingine ya jambo hili. Mwaka huo alifanya mtihani wa piano wa ABRSM, ile bodi ya London, daraja la pili. Mtihani huo una alama 150. Ukipata 100 umefaulu, 120 ni sifa, 130 ni sifa ya juu kabisa. Alikuja Jumamosi amechangamka: 104. Nikampongeza kwa dhati, halafu nikamwuliza alama nyingine zilipotelea wapi. Hakujua. Karatasi yenye maoni ya mtahini ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa, haijasomwa. Simlaumu. Karatasi ilimwambia mahali pa kusimama, naye akasimama. Mtoto aliyesoma Uganda tangu darasa la kwanza ameishi kwa namba za namna hiyo: daraja la kwanza, la pili, kufaulu, kuanguka. Kwenye amadinda hakuna mtu wa kumpa namba, kwa hiyo aliazima ile ya piano na kuileta kwangu.

Na Mgawaji? Nilikuwa nimemwona mvivu. Lakini mvivu haji saa mbili na nusu kufagia ukumbi. Mvivu hakati magogo mapya ya mgomba bila kuambiwa, yale ya zamani yanapoanza kunyauka na kunywea. Kijana huyu alipenda kila kitu kuhusu amadinda ila lile jambo moja, na sababu yake ikawa rahisi kuliko nilivyodhani. Hakuwahi kuusikia wimbo. Alipokuwa anapiga, wimbo haukuwepo. Alipokuwa hapigi, waliopiga walikuwa wenzake wenye kasoro ileile. Aliposema “inatosha,” alikuwa analinganisha alichosikia na kitu pekee alichokuwa anakijua.

Nilichojaribu kwanza

Nilianza vibaya. Jumamosi ya kwanza baada ya Mpigi niliwakalisha, nikawaonyesha wimbi la sauti kwenye kompyuta, nikawaeleza milisekunde. Mwanzishaji alitazama dirishani. Mgawaji alijikunyata, na aliposhika fimbo akawa anaogopa kila pigo. Alichelewa hadi 280.

Jumamosi ya pili nilileta rekodi za Hugh Tracey, aliyewarekodi wanamuziki wa ikulu ya Kabaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya mashambulizi. Nilitarajia zitawatikisa kama zilivyonitikisa mimi. Walisikiliza kwa heshima. “Hao ni wa ikulu, Mwalimu,” akasema Mwanzishaji. Kwake ubora ulikuwa kitu cha watu wengine, wa zamani, walioishi mahali pengine. Nilikuwa nimewaonyesha kilele cha mlima bila kuwaonyesha njia, na sidhani kama kuna njia ya haraka zaidi ya kumfanya mtu aridhike na bondeni.

Kilichofungua mlango kilikuwa mguu.

Nilikuwa nimekaa sakafuni ili niwaone wote kwa chini, nikagundua kwamba mguu wa kulia wa Mgawaji unagonga sakafu pamoja na mikono ya Mwanzishaji, si pamoja na yake. Mwili wake wote ulikuwa upande wa mwenzake. Pigo la kweli, kwake, lilikuwa la Mwanzishaji. Lake lilikuwa kiraka cha kujaza nafasi. Na hapo nikamkumbuka mzee wangu, ambaye siku moja tu aliacha ukimya wake na kuniambia: pigo lako ndilo pigo, mwenzako ndiye anayepita katikati. Wapigaji wa amadinda ndivyo wanavyohisi. Wote wawili, kila mmoja kwake, yuko juu ya pigo. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kwa mwili kwa miaka mingi, nikasahau kwamba kuna siku niliambiwa.

Nikafuta nyimbo nane. Tukabaki na ule wa bibi. Mzunguko wake ni mfupi, mapigo 24, kila mmoja 12. Nikamwambia Mgawaji aanze yeye, peke yake, mguu na mikono pamoja, apige mstari wake kama vile ndio wimbo wote. Mwanzishaji ndiye aingie katikati yake. Nikawakataza kutazamana mikono. Na nikajikataza lile neno “sawa”.

Jumamosi tatu za uharibifu

Walivurugika. Sina neno jingine. Mwanzishaji, ambaye hakuwahi kuyumba maishani mwake, sasa alilazimika kuingia katikati ya mtu mwingine, akakuta naye anachelewa. Nafikiri hicho ndicho kitu chenye faida kubwa zaidi nilichofanya bila kukusudia. Kwa miezi yote hiyo tulikuwa tukimwita Mgawaji mwenye kosa, kumbe alikuwa tu amekalia kiti chenye shida.

Mguu wa Mgawaji ulikuwa unamtoroka. Anaanza vizuri, mwenzake anaingia, na baada ya mizunguko miwili unauona mguu unahama polepole kumfuata Mwanzishaji, kama mbuzi anayerudi kwenye zizi lake la zamani. Ninanyamaza. Ninainua mkono. Wanaacha. Wanaanza upya. Asubuhi moja tulianza upya mara nyingi hivi kwamba mama yake Mgawaji, aliyekuja kuchukua ndoo, alisimama mlangoni akasikiliza, akaniita pembeni. “Mwalimu, hawa watoto si walikuwa wanajua? Mbona sasa wanaharibu?”

Nilimwambia ukweli: ndiyo, kwa sasa wanapiga vibaya kuliko zamani, na nimekataa mialiko miwili ya sherehe. Alinitazama kwa muda. Shilingi 40,000 za mwanawe zilikuwa ndani ya sentensi ile. “Basi,” akasema, “ujue unachofanya.” Sikuwa na uhakika kwamba ninajua.

Jumamosi ya nne, saa tano hivi, walikuwa katika mzunguko wa sita au wa saba. Mguu wa Mgawaji ulikuwa umetulia upande wake. Nilikuwa nimefumba macho. Kwanza nikahisi vibao vimepungua, kana kwamba mtu mmoja ameondoka, maana ile tá-ka, tá-ka ilikuwa imelainika ikawa maji. Halafu Mkoonezi akaacha kupiga. Hadi siku hiyo alikuwa anapiga kwa kuhesabu, kwa kuwa sauti za chini anazotakiwa kuzifuata hazikuwahi kujitokeza zenyewe. Sasa alikuwa ameshika fimbo hewani, anavitazama vibao. “Kuna mtu anaimba,” akasema.

Ulikuwa ule mstari wa bibi. Ulitoka kwenye sauti za chini, wazi, kwa mwendo wake wenyewe, mpana na wa polepole kuliko mkono wa yeyote kati yao. Mgawaji aliusikia, maana aliinua uso ghafla, na kwa kuinua uso akaupoteza. Ilidumu labda sekunde 40. Hakucheka. Hakuniuliza kama inatosha. Aliweka kichwa chini, akaanza upya kabla sijainua mkono.

Aliyesikia na asiyetaka

Ningependa kisa kiishie hapo, lakini kulikuwa na Mwanzishaji.

Alisikia. Sina shaka. Wiki mbili baadaye walikuwa wanaweza kuushika wimbo kwa dakika nzima, mara mbili, na mikono yake ndiyo iliyokuwa imara kuliko yote. Siku hiyo alinisubiri nje. “Nimesikia, Mwalimu,” akasema. “Ni tofauti kabisa. Lakini watu wa sherehe hawasikii.”

Nikamkumbusha bibi wa Mpigi. “Bibi mmoja,” akajibu, bila ujeuri, kama mtu anayetoa hesabu. Walikuwepo labda wageni 200. Bendi moja ya mtaani ilikuwa imempa nafasi ya kupiga kinanda cha umeme, kila Jumamosi, kwa malipo. Alikuwa amekuja kuaga.

Nimelifikiria jibu lake zaidi ya jambo lolote katika kisa hiki. Nadhani amekosea. Bibi yule alikuwa mmoja aliyekuja kuuliza. Ni wangapi walikuwa wameujua wimbo ule tangu utotoni wakakaa kimya, wakidhani wamesahau wao? Muziki wa nyumbani kwao ulikuwa unapigwa mbele yao na hawakuutambua, wakapiga makofi kwa adabu. Hilo linaniumiza, na nilimwambia hivyo. Lakini sikuweza kumwambia kwamba hakusikia, na sikuweza kumwambia kwamba familia yake haihitaji zile fedha. Alikuwa amesikia, amepima, amechagua. Nilimshukuru kwa mkono wake, nikamwomba arudi siku akitaka.

Kinachonisumbua ni kwamba hawa wawili nilikuwa nimewatendea kama mtu mmoja. Kwa miezi saba nilimkemea Mgawaji kwa uchaguzi ambao hakuwahi kuufanya, na wala sikuzungumza na Mwanzishaji kuhusu uchaguzi alioukaribia siku hadi siku. Mmoja alihitaji kusikia. Mwingine alihitaji mazungumzo ya mtu mzima juu ya fedha na wito, mapema, kabla bendi haijampigia simu. Nilimpa mmoja dawa ya mwenzake, na mwingine sikumpa dawa yoyote.

Nimebadilisha mambo kadhaa tangu hapo. Mwanafunzi mpya anapata wimbo mmoja, na hakuna sherehe kabla ya kuusikia kutoka ndani, si kutoka kwenye simu yangu. Kila mmoja anapita viti vyote viwili kabla ya kupewa chake. Na wazazi naongea nao siku ya kwanza kuhusu miezi ambayo haitakuwa na malipo. Wawili wameshawaondoa watoto wao, nami sikuwashikilia.

Mgawaji naye hayupo. Mwezi mmoja baada ya Mwanzishaji kuondoka, baba yake alipata uhamisho, na familia nzima ikapanda basi la Arua na magodoro yao. Ndivyo kambi zilivyo. Nilimpa rekodi ya mstari wa Mwanzishaji peke yake, dakika kumi, mapigo 150, nikadhani ndiyo kwaheri.

Wiki ya tatu alinitumia sauti kwa WhatsApp. Amekopa simu ya pili kurekodia; ile ya kwanza inapiga mstari wa Mwanzishaji, na yeye anagonga dumu la maji lililopinduliwa, kwa vijiti, sauti mbili tu anazoweza kuzipata juu yake. Kuku wanasikika. Nikaipima. Alikuwa kwenye 215. Nikamwandikia kwamba bado amechelewa kidogo.

“Nimesikia, Mwalimu,” akajibu. “Kwenye mzunguko wa nne mguu ulihama.”

Nikarudi kusikiliza. Ni kweli, ni wa nne. Jioni yake akatuma nyingine.